MAZUNGUMZO YA JUMA: Hati ya Nchi Iliyochorwa Juu ya Gome

Mkulima mmoja wa kahawa ameniletea barua ya kurasa mbili. Asema ya kwamba mwanawe, aliye karani mjini, alimwalika kwenda kutazama maonyesho ya picha na vinyago, na walipokwisha kutazama wakakalishwa vitini pamoja na watu wengine, wakamsikiliza mchoraji akieleza kazi yake kwa muda wa saa nzima. Anauliza maswali mawili. La kwanza: mtu mzima mwenye shamba na ng'ombe hujifunza nini kwa kutazama picha na kusikiliza maneno ya mwenye kuzichora, hali picha haijazi ghala? La pili ni la fedha, nami nitalijibu mwishoni.

Ningeweza kumjibu kwa maneno matamu juu ya uzuri wa sanaa, lakini naona barua yake si ya mtu wa kuridhika na maneno matamu. Basi na tusafiri, mimi na yeye na ninyi nyote, mpaka pembe ya kaskazini mashariki ya nchi iitwayo Arnhem Land, katika Australia, zaidi ya kilomita 600 toka mji wa Darwin. Pwani ya huko ina kijiji kiitwacho Yirrkala, ambapo Wamisionari wa Kimethodisti walijenga misheni mwaka wa 1935. Wenyeji wake ni Wayolngu, watu waliokuwako pale tangu zamani zisizohesabika, kabla meli yo yote ya Kizungu haijaonekana.

Msidhani ya kuwa walikuwa watu wasiojua wageni. Kwa miaka mingi sana mabaharia wa Makassar, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, walikuja kila mwaka na pepo za kaskazi kuvua jongoo bahari, yule yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humkausha na kumwuza kwa wafanya biashara. Safari hizo zilikomeshwa na Serikali ya huko mwaka wa 1907. Lakini maneno ya mabaharia yalibaki katika lugha ya Wayolngu, na hata leo fedha kwao huitwa rrupiya. Wazee wetu waliolipa na kulipwa kwa rupia kabla ya shilingi kuja watacheka wakisikia hayo.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Wayolngu wamegawanyika pande mbili, Dhuwa na Yirritja, na kila ukoo, na kila mti, samaki, upepo na mahali, ni wa upande mmoja au wa upande wa pili. Mtu huoa upande usio wake, hata mtoto wa Dhuwa mama yake ni Yirritja. Kila ukoo una nchi yake, nyimbo zake, na alama zake za kuchora. Alama hizo si mapambo tu. Ukoo wa Madarrpa, mathalan, huchora misharabiti ya almasi iliyoungana safu kwa safu, nayo ni habari ya mamba, Bäru, ambaye zamani za mababu aliungua na moto mahali paitwapo Yathikpa akajitupa baharini. Magamba ya mgongo wake ni makovu ya moto ule. Mtu aijuaye michoro akiitazama hajui habari ya mamba tu. Ajua pia ni pwani gani inayosemwa, mpaka wake u wapi, na ni nani mwenye haki ya kuvua pale. Mtu wa ukoo mwingine hana ruhusa ya kuichora, kama vile jirani yako hana ruhusa ya kutia sahihi katika karatasi ya shamba lako.

Nadhani wasomaji wa Nyanda za Kati wameanza kunielewa. Wakati mashamba yalipokuwa yakiunganishwa katika miaka ya 1950, mzee aliyekumbuka mahali ua la itoka lilipopandwa na babu yake alikuwa na thamani kubwa kuliko karani mwenye kamba ya kupimia. Tofauti ni kwamba Wayolngu waliichora itoka yao.

Na kazi ya kuichora si nyepesi. Gome la mti wa jamii ya mkaratusi hubanduliwa wakati wa masika, maji ya mti yanapokuwa mengi, kwa maana wakati wa kiangazi halikubali kutoka. Hukwanguliwa, hupitishwa juu ya moto, kisha hulazwa chini na kuwekewa mawe ili linyooke. Rangi hutoka katika udongo na mawe: nyekundu, manjano, nyeupe, na nyeusi ya mkaa. Brashi ya mistari myembamba ni nywele chache za kichwa cha mtu zilizofungwa kwenye kijiti. Mistari hiyo hupishana kwa maelfu, hata picha ikaonekana kama inang'aa na kutikisika, nako kung'aa huko ndiko kunakoonyesha nguvu za mababu. Kijana akaaye karibu na mzee akichora hujifunza mkono, na huku akijifunza wimbo, jina la mahali, na nasaba ya watu wake. Hiyo ndiyo shule yao ya kwanza.

Mwaka wa 1962 na 1963 wazee wa pande zote mbili walifanya jambo lisilopata kufanywa. Kanisa jipya la misheni lilipokuwa likijengwa, wao walichora mbao mbili kubwa, zenye urefu wa kuwapita watu wawili waliosimamiana mabegani, moja ya Dhuwa na moja ya Yirritja, ili zisimamishwe kanisani upande huu na upande huu wa madhabahu. Miongoni mwao walikuwamo Mawalan Marika, Narritjin Maymuru na Mungurrawuy Yunupingu. Kila mzee alichora nchi ya ukoo wake mahali pake ubaoni. Aliyeingia kanisani, akiwa mtoto au mgeni, aliikuta ramani ya nchi yote na sheria yake mbele ya macho yake. Wala wazee hawakufanya hivyo kwa kupenda mapambo. Walikwisha kusikia ya kwamba watu wanapima ardhi yao kutafuta boksaiti, udongo utoao madini ya alumini.

Habari ile ilikuwa kweli. Mapema mwaka wa 1963 Serikali ya Australia ilikata zaidi ya kilomita za mraba 300 katika nchi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya wenyeji, ili machimbo yafunguliwe, na wenyewe hawakuulizwa. Mwezi wa Julai wajumbe wawili wa Bunge, Bwana Kim Beazley na Bwana Gordon Bryant, walifika Yirrkala. Bwana Beazley aliziona zile mbao kanisani, akawashauri wazee wapeleke maombi yao Bungeni kwa namna hiyo hiyo, yaani juu ya gome lililochorwa. Basi wakafanya. Maneno yalipigwa chapa karatasini kwa lugha yao na kwa Kiingereza, karatasi zikagandishwa juu ya magome, na pembeni pande zote zikachorwa alama za nchi yenyewe, za Dhuwa na za Yirritja. Walisema ya kwamba watu karibu 500 wanakaa katika nchi iliyokatwa, ya kwamba ndiko wawindako na kuvua, ya kwamba kuna mahali patakatifu pao, na ya kwamba wanaogopa maombi yao yasije yakadharauliwa kama yalivyodharauliwa ya kwanza. Wakaomba kamati ije iwasikilize, pamoja na wakalimani.

Maombi hayo yaliwekwa mbele ya Bunge tarehe 14 Agosti 1963. Waziri aliyehusika alitia shaka juu ya sahihi, akisema ni za watu wachache na vijana. Basi yakaletwa mengine tarehe 28 Agosti, yenye alama za vidole vya wazee. Natamani makarani wanaosoma safu hii waitafakari habari hiyo kidogo. Kwa yule waziri hati ilikuwa ni zile sahihi chini ya karatasi. Kwa wale wazee hati ilikuwa ni michoro iliyokuwa imeizunguka karatasi, na karatasi ilikuwa ni maelezo tu kwa wasiojua kusoma. Pande zote mbili ziliangalia gome moja.

Kamati ilikuja, ikashauri walipwe fidia na mahali patakatifu pao pahifadhiwe. Machimbo yakaendelea hata hivyo. Wayolngu wakaenda mahakamani, na mwaka wa 1971 jaji akatoa hukumu ambayo hata leo inashangaza kuisoma: alikubali ya kwamba watu hawa walikuwa na sheria zao, zilizopangwa vizuri, zilizoongoza maisha yao yote, walakini akasema ya kwamba haki yao juu ya ardhi si haki ya mali ijulikanayo na sheria ya Kiingereza. Wakashindwa. Mkalimani wao katika kesi hiyo alikuwa kijana Galarrwuy, mwana wa yule mzee Mungurrawuy aliyechora kanisani, naye baadaye akawa kiongozi mkubwa wa madai ya ardhi mpaka alipofariki mwaka wa 2023.

Lakini kushindwa kwao kulisikika nchi nzima. Tume ikaundwa mwaka wa 1973, na mwaka wa 1976 Bunge likapitisha sheria iliyowarudishia wenyeji wa jimbo lile haki ya ardhi. Haki juu ya bahari haikuwekwa wazi, na hapo ndipo shauri jipya lilipozaliwa.

Mwaka wa 1996, katika ghuba iitwayo Blue Mud Bay, watu wa ukoo wa Madarrpa walikuta kambi ya wavuvi wasio na ruhusa mahali patakatifu pa mamba, Bäru. Na katika kambi ile wakakuta kichwa cha mamba kilichokatwa, kimetiwa ndani ya gunia. Tafadhali msomaji, waza moyoni ungefanya nini wewe ukikuta jambo kama hilo juu ya kaburi la baba yako. Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo ule, hakuchukua silaha. Aliketi akachora. Akawaita wa koo nyingine wachore nchi zao za maji ya chumvi, kila mmoja kwa haki yake, na wachoraji 47 wakatoa magome 80. Magome hayo yalifanywa maonyesho yaliyotembezwa katika miji ya Australia kuanzia mwaka wa 1999, pamoja na kitabu kilicholeta maelezo ya wenye kuchora. Baadaye yakanunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Mambo ya Bahari la taifa lililoko Sydney, ambako yamehifadhiwa.

Hapa ndipo ninapomjibu msomaji wangu. Watu wa mijini waliokuja kutazama maonyesho yale walidhani wataona picha za samaki. Wenye picha waliwaambia la, hii ni sheria. Hapa maji matamu ya mto yanakutana na maji ya chumvi, mkutano huo una jina, na jina lina ukoo. Bahari kwetu si uwanja mtupu usio na mwenyewe, ina mipaka kama shamba. Bila maneno hayo mtazamaji angeona mistari tu akaenda zake. Na maneno matupu bila picha yangesahauliwa njiani. Nimekwisha kwenda maonyesho mengi katika miji yetu ambapo kinyago kimewekwa juu ya meza na kijikaratasi chenye maneno matatu, jina la kabila na aina ya mti, wala hapana mtu wa kukisemea. Watoto wa shule hupita wakinyamaza, wakatoka kama walivyoingia. Yule mchoraji aliyemkalisha msomaji wangu kwa saa nzima alimtendea heshima, ijapokuwa kiti kilikuwa kigumu.

Sisemi ya kwamba kila kitu husemwa. Wayolngu wana elimu ya nje, iliyo wazi kwa watu wote, na elimu ya ndani, ambayo mtu hupewa kidogo kidogo kwa umri wake na kwa tabia yake. Mwenye kuchora akizungumza mbele ya wageni huwapa ile ya nje, iliyo kweli, na ya ndani huiacha pale pale ndani ya picha, mbele ya macho ya wote. Wazee wa kwetu waliopita katika jando wanaifahamu sana desturi hiyo. Kwa hiyo mgeni akiuliza swali na mzee akanyamaza, huo nao ni mjibu.

Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu ya Australia ilitoa hukumu juu ya Blue Mud Bay. Ilisema ya kwamba katika pwani zilizo ardhi ya wenyeji, maji yanayofunika mchanga wakati wa kujaa ni sehemu ya nchi yao pia, na mvuvi mgeni hana budi kuomba ruhusa ya kuingia. Magome yale 80 yalikuwa miongoni mwa mambo waliyoyategemea kuonyesha kwamba bahari ina wenyewe. Kesi hushindwa au hushinda kwa hoja za mawakili, nalo ni kweli. Lakini mawakili hawangekuwa na la kusema kama kizazi hadi kizazi hakikufundishwa kuchora mstari mahali pake.

Na mafundisho hayo yangeweza kukatika. Zile mbao mbili za kanisa zilitolewa kanisani katika miaka ya 1970, kwa kuwa walikuwako Wakristo walioona hazifai kukaa humo, zikaachwa nje zikipigwa na mvua. Kituo cha sanaa cha kijiji ndicho kilichoziokoa, na leo zina chumba chao wenyewe katika kituo kile. Mzee Mawalan naye, aliyefariki mwaka wa 1967, aliona ya kwamba wakati umebadilika. Michoro mitakatifu zamani ilikuwa kazi ya wanaume tu, lakini yeye akawafundisha binti zake. Mmoja wao, Dhuwarrwarr Marika, akawa mchoraji mwenye sifa kubwa. Nimesikia wazee wa huku wakisema afadhali elimu ife kuliko kumpa binti. Mzee Mawalan hakuona hivyo, nami nasimama upande wake.

Shule ya Yirrkala yenyewe ilikuja kuwa na mwalimu mkuu aliye Myolngu, Bwana Yunupingu, mwaka wa 1990, naye alikuwa mwenyeji wa kwanza kushika kazi hiyo katika Australia yote. Yeye na wenzake waliwafundisha watoto kwa mfano wa mahali mto unapokutana na bahari: mkondo mmoja ni elimu ya wazee, wa pili ni elimu ya Kizungu, hukutana na kutoa povu, wala hapana ulio mkubwa kuliko mwenziwe. Watoto hutoka darasani kwenda kwa wachoraji, na wachoraji huingia darasani.

Kuonyesha kazi mbele ya watu kuna hasara yake pia. Binti mwingine wa Mawalan, Banduk Marika, alitengeneza picha ya chapa yenye alama za ukoo wake, ikawekwa katika jumba la sanaa la taifa na nakala zake zikatolewa kwa ajili ya mafundisho. Mfanya biashara mmoja akaichukua pamoja na picha za wachoraji wengine, akazifuma katika mazulia yaliyotengenezwa Vietnam. Fikirini: alama takatifu ya nchi, ikawa kitu cha kukanyagwa sebuleni! Tena kwa desturi yao mwenye kuchora ndiye aliyeweza kulaumiwa na wazee kwa kuiacha alama ipotee mikononi mwa wageni. Walipeleka kesi, na mwaka wa 1994 mahakama ikawahukumia fidia iliyozidi dola 188,000 za Australia, pamoja na kuhesabu aibu waliyoipata mbele ya watu wao. Wachonga vinyago wetu wanaoona kazi zao zikiigwa na viwanda vya mbali watauliza kama sheria zetu zingewatetea hivyo. Swali hilo nawaachia wanasheria wanaosoma gazeti hili, na wakiniletea jibu nitalichapa.

Sasa swali la pili la msomaji wangu, kwamba picha ikinunuliwa kwa bei ndogo kwa mchoraji, kisha ikauzwa mjini kwa bei kubwa, ni nani ale faida? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja tu: mwenye duka. Tangu mwaka wa 2010 sheria ya Australia inaagiza ya kwamba picha ikiuzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi, tano katika kila mia ya bei hiyo zipewe mwenye kuichora, na akiwa amekufa zipewe warithi wake kwa muda wa miaka 70. Haihesabiwi mara ya kwanza mwenyewe anapoiuza, wala haifanyi kazi kwa picha iliyokuwa mikononi mwa mtu kabla ya sheria kuanza, mpaka ibadilishe mwenyewe mara moja kwanza. Mkulima wa kahawa anayeona bei ya kikombe kimoja mjini, na kuilinganisha na bei ya kilo ya buni kiwandani, atajua kwa nini wachoraji wale waliidai sheria hiyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya barua tatu nilizoletewa kuhusu visima.